Mtindo Ndani ya Visanduku: Viumbe wa Pikseli, Mikeka ya Vanga na Suala la Upekee wa Msanii

Hakuna neno linalotumiwa kwa wingi katika tahakiki za fasihi ya Kiswahili, na kuchunguzwa kwa uchache, kama neno mtindo. Mwanafunzi akipewa diwani aichambue, huorodhesha tashbihi, sitiari, takriri na taswira, kisha akahitimisha kwamba mtunzi ana mtindo wa kipekee. Upekee wenyewe umekaa wapi, msomaji haambiwi. Na kwa kuwa tamathali hizo hizo zimo katika kila diwani, orodha hiyo haimtofautishi mtunzi mmoja na mwingine. Ni sawa na kumtambulisha jirani kwa kusema kwamba ana macho mawili na pua moja.

Makala haya yanalitoa suala hilo nje ya fasihi kwa muda na kulipeleka katika sanaa ndogo mno, yaani picha za viumbe zinazochorwa kwa pikseli, hasa picha za nyuso zao. Katika sanaa hiyo msanii ana nafasi finyu kiasi kwamba kila uamuzi wake unahesabika, na kwa hivyo mtindo hauna pa kujificha. Mahali pa kulichunguzia suala hili patakuwa Vanga, mji wa pwani ya Kwale ulio karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, kwa sababu zitakazodhihirika punde.

Pikseli ni kisanduku kimoja cha rangi katika kioo cha kompyuta, simu au televisheni. Picha zote za vioo hivyo zimeundwa kwa visanduku, ila katika picha ya kawaida visanduku ni vingi mno na jicho haliwezi kuvitenga. Sanaa ya pikseli hufuata njia ya kinyume. Hupunguza visanduku hadi kila kimoja kionekane, na msanii huvijaza kimoja baada ya kingine. Hapo mwanzo jambo hili halikuwa hiari, kwani mashine za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na kumbukumbu ndogo. Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotolewa mwaka 1984, alitumia karatasi ya miraba, 32 kwa 32, akiujaza mraba mmoja na kuuacha mwingine mweupe. Mashine za leo hazina dhiki hiyo, lakini bado wako wachoraji wengi wanaojifungia ndani ya miraba hiyo kwa kupenda.

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado aliunda mchezo wa Space Invaders kwa ajili ya kampuni ya Taito. Alihitaji wavamizi kutoka anga za juu. Alianza na pweza, kwa kuwakumbuka wavamizi wa riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds, iliyotoka mwaka 1898, kisha akaongeza kaa na ngisi. Pweza alitoshea katika visanduku 12 kwa 8, kaa katika 11 kwa 8, na ngisi katika 8 kwa 8. Viumbe waliotisha vijana wa Tokyo na baadaye wa dunia nzima ni wale wale ambao mvuvi wa Vanga huwatia kapuni maji yakipwa.

Ngisi wa visanduku 8 kwa 8 ana visanduku 64. Mwanafunzi wa ushairi atasita kidogo kwa hesabu hiyo. Tarbia ya mizani 16 kwa mshororo, ukwapi nane na utao nane, ina mishororo minne. Ubeti mzima ni mizani 64. Ni sadfa tu, bila shaka, lakini inafaa kutafakariwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeaga dunia mwaka 1840, alitunga ndani ya nafasi hiyo. Abdilatif Abdalla, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, naye aliitumia. Idadi ni ile ile, vina viko mahali pale pale, na bado msomaji mzoefu akisomewa ubeti wa kila mmoja bila kutajiwa jina hatawachanganya. Muyaka huingia katikati ya mazungumzo kana kwamba msikilizaji alikuwapo tangu jana. Abdilatif hujenga hoja ngazi kwa ngazi, kama mtu ambaye amepokonywa kila kitu isipokuwa sababu zake. Tofauti hiyo haimo katika arudhi, wala haimo katika orodha ya tamathali. Imo katika kile ambacho kila mmoja huchagua tena na tena anapobanwa.

Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, ambao umekuwa chakula cha kila siku cha idara za Kiswahili tangu Kezilahabi achapishe Kichomi mwaka 1974, haukulitazama jambo hili vya kutosha. Upande mmoja uliona vina na mizani kama pingu zinazomnyima mtunzi sauti yake. Upande wa pili uliona kwamba bila pingu hizo hapana shairi. Pande zote mbili zilishughulikia umbo la kisanduku. Ni wachache waliouliza nani hujaza nini, wapi, na kwa nini kila mara. Ubishi huo ulikuwa na manufaa yake, lakini kwa suala la mtindo ulipoteza muda mwingi.

Vanga yenyewe haihitaji kufundishwa sanaa ya visanduku. Kina mama wa pwani hii husuka mikeka kwa miyaa, baadhi yake ikiwa imetiwa rangi. Husukwa kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha tepe hizo zikashonwa pamoja hadi zikawa mkeka. Katika kusuka huko, kila miyaa miwili inapokutana mmoja hupita juu na mwingine chini, na jicho huona rangi ya ule wa juu peke yake. Hapana nusu rangi, hapana kivuli kinachofifia polepole, hapana mviringo. Msusi akitaka mviringo hana budi kuupandisha kwa vidaraja, hatua moja kando na hatua moja juu, sawasawa na afanyavyo mchoraji wa pikseli anapotafuta mgongo wa kasa. Pamoja na ufinyu huo, mtu aliyekulia katika nyumba ya wasusi ataweza kusema mkeka huu ni wa mkono wa fulani. Hataukosa kwa sababu fulani hulipenda zambarau kando ya kijani, au kwa sababu huacha miyaa miwili mitupu kabla ya pindo. Hakuna aliyekaa akajiambia kwamba leo anatafuta mtindo wake binafsi.

Chukulia, basi, kijana wa Vanga mwenye simu na programu ya kuchorea, anayetaka kuchora uso wa kaa wa mikoko ndani ya visanduku 16 kwa 16, akitumia rangi nne tu. Ana visanduku 256. Swali la kwanza linamkabili kabla hajagusa kioo: uso wa kaa ni upi? Macho yako juu ya vijiti, mdomo umefichwa nyuma ya vifuniko, na kinachomtisha mtu ni magando. Akiyapa magando nafasi yanayostahili, kila jicho litabaki na kisanduku kimoja, na kaa atakuwa silaha isiyo na nafsi. Akiyapa macho visanduku vinne vinne, kaa atakuwa na haya kama mtoto aliyefumaniwa, na magando yatageuka mikono inayoomba radhi. Hakuna kanuni ya kumwamulia. Kaa mkali na kaa mwenye haya wote ni kaa wa kweli. Uchaguzi ni wake, na hapo ndipo kazi ya mtindo inapoanza.

Baada ya hapo maamuzi huja mfululizo. Je, mstari wa kuzunguka umbo uwe mweusi, au uwe rangi ya mwili iliyokolezwa? Mstari mweusi humtenga kiumbe na mahali alipo, kama picha iliyokatwa kwa mkasi; mstari wa rangi ya mwili humwacha azame kidogo katika tope. Nuru itoke juu kushoto, kama wafanyavyo wachoraji wengi kwa mazoea, au itoke chini, kwa kuwa pwani ya Vanga wakati wa asubuhi maji hurudisha mwanga machoni? Rangi mbili zikutane ghafla, au zichanganywe kwa kupishanisha kisanduku cha hii na cha ile hadi jicho lione rangi ya tatu ambayo haikutumiwa? Na hizo rangi nne zitoke wapi? Programu huja na rangi zake tayari, zinazong'aa kama peremende. Kijana anaweza kuzitumia. Anaweza pia kwenda kutazama: kijivu cha tope kwenye mlango wa mto Umba, kijani kilichofifia cha majani ya mchu, wekundu wa kahawia wa gome la mkoko, na weupe wa chumvi iliyokauka. Akizishikilia rangi hizo nne kwa picha 20, atakuwa ameshachora Vanga bila kuandika jina la Vanga popote.

Katika picha hizo 20 atakutana na pweza, ambaye mboni ya jicho lake ni mstari wa mlalo, na atagundua kwamba visanduku viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu vinatosha kumfanya mtazamaji aseme pweza kabla hata ya kuona mkono mmoja. Atakutana na mkunga, ambaye hufumbua na kufumba kinywa kwa kuwa ndivyo anavyopumua, lakini watu humwona mwenye hasira. Atakutana na mbega wa misitu ya Diani, na hapo tatizo litakuwa nywele nyeupe zinazouzunguka uso mweusi, kwani weupe ukizidi kisanduku kimoja mbega hugeuka mzee wa Kizungu. Ajapo kuzipanga picha zote pamoja, ataona mambo ambayo hakuyakusudia. Ataona kwamba kila mara huweka kisanduku cheupe chini ya jicho badala ya juu, kwamba huacha upande mmoja wa umbo bila mstari, kwamba viumbe wake wote wanatazama kando. Huo ndio mtindo wake. Aliupata huku akishughulika na jambo jingine.

Huenda msomaji akapinga kwamba hayo ni mazoea tu, na kwamba mazoea hayastahili jina kubwa la mtindo. Pingamizi hilo lina uzito. Mchoraji anayeweka nuru juu kushoto kwa sababu ndivyo alivyofundishwa ana mazoea. Anayeiweka chini kwa sababu alisimama ufukweni akaona maji yakimulika tumbo la kasa aliyepinduliwa, ana mtindo, hata ikiwa sababu hiyo ameshaisahau. Njia ya kuvitenga viwili hivyo ni kukisogeza kisanduku kimoja. Picha ikibaki vile vile, palikuwa na mazoea. Ikiharibika, au ikigeuka ya mtu mwingine, palikuwa na mtindo. Mhakiki wa fasihi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kubadili neno moja katika mshororo, zoezi ambalo halifanywi sana katika tasnifu zetu, pengine kwa sababu linachosha kuliko kuorodhesha.

Kukua kwa mtindo ndani ya mipaka isiyobadilika kunaonekana vizuri katika michezo ya kwanza ya Pokémon. Michezo hiyo ilitengenezewa mashine ya Game Boy, yenye vivuli vinne tu, na picha ya kiumbe ilipotazamwa kwa mbele haikuzidi visanduku 56 kwa 56. Viumbe 151 walitolewa Japani mapema mwaka 1996 katika matoleo mawili, Red na Green. Mwaka huo huo viumbe hao walichorwa upya kwa ajili ya toleo la Blue, na mwaka 1998 wakachorwa tena kwa toleo la Yellow. Mashine haikuongezwa hata kisanduku kimoja. Ukizilinganisha picha za mwanzo na za mwisho, za mwanzo zina miili iliyovimba na macho yanayohangaika. Za mwisho zina utulivu, na kila kiumbe anaonekana kuwa ndugu wa mwenzake. Waliochora walikuwa wameshaamua dunia yao inatazamaje.

Kuhusu kuiga, wazee wa sanaa zetu hawakuwa na wasiwasi uliopo leo. Mtunzi kijana alijibu mashairi ya wakubwa zake kwa bahari ile ile na vina vile vile, na mchongaji aliketi kando ya mjomba wake akachonga alichochonga mjomba. Kijana anayenakili viumbe wa Kijapani kisanduku kwa kisanduku hastahili kukemewa kwamba amepotoka na utamaduni wake. Anajifunza nahau. Hatari ipo kwa anayeiga mtu mmoja tu, au anayeiga bila kujiuliza kwa nini kisanduku hiki kimewekwa hapa. Zaidi ya hayo, kuna nasaha mbaya kuliko kuiga, nayo ni ile ya kumwambia kijana achore kwa mtindo wa Kiafrika, maana yake jahazi, machweo na twiga. Kijana wa Vanga ambaye hajawahi kumwona twiga ila katika kalenda ataigiza kalenda.

Hapa ndipo kisa cha Edward Saidi Tingatinga kinapohitaji kusemwa kikamilifu. Alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania, akahamia Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya ubao mwembamba wa mraba. Nafasi yake ilikuwa finyu, rangi zake chache, na mnyama wake mmoja, aghalabu, alijaza ubao mzima. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea, wakaunda ushirika mwaka 1990, na jina la mtu likawa jina la mtindo, kisha jina la bidhaa inayouzwa katika maduka ya watalii. Mwaka 2010 jina hilo lilifika hata kwenye katuni za televisheni za watoto, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi. Si haki kuwalaumu warithi wake, kwani walilisha familia zao kwa brashi na wengine wao ni wachoraji hodari. Lakini maamuzi yaliyokuwa ya mtu mmoja aliyebanwa na ubao wake yamekuwa kiolezo. Chui mwenye madoa yaliyopangwa vizuri huchorwa leo na mtu asiyejiuliza kwa nini madoa yako hivyo, na mnunuzi hamwulizi.

Karibu zaidi na Vanga wako Wamakonde wa Makongeni, Msambweni, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na ambao baada ya safari yao ya miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 walitambuliwa mwaka 2017 kuwa raia wa Kenya. Uchongaji wa Kimakonde una viumbe wake, mashetani, wenye jicho moja, mdomo uliopinda na kiungo kilichoota mahali pasipo pake. Mchongaji naye ana mipaka yake: gogo la mpingo limejikunja lilivyojikunja, na ganda lake jeupe haliwezi kufanywa jeusi. Shetani mzuri hutokea pale ambapo mpindo wa gogo umekuwa mpindo wa nafsi ya kiumbe. Soko la Diani, hata hivyo, linapenda twiga wawili wanaolingana, na gogo lililopinda hunyooshwa kwa shoka ili wapatikane. Kila mchongaji anajua hesabu ya chakula cha jioni, na hapana mhakiki aliye na haki ya kumdharau kwa twiga wake. Ila ni vyema ijulikane kwamba siku hiyo aliyechonga ni mnunuzi.

Kijana wa pikseli hana gogo wala gharama ya rangi, na kwa hiyo anadhani yuko huru na soko. Hayuko huru. Siku hizi programu za akili unde zinatoa mamia ya viumbe wa pikseli kwa muda wa kunywa kahawa, na wanaohitaji picha kwa haraka wameridhika. Ukizikuza picha hizo utaona mara nyingi kwamba visanduku havilingani, kimoja kikubwa na kingine kidogo, na kingo zimepita katikati ya miraba. Sababu yake inaeleweka: mashine imejifunza sura ya matokeo bila kubanwa na miraba yenyewe. Haikulazimika kuchagua kati ya jicho na gando.

Katika orodha ya viumbe wa Vanga amebaki mmoja ambaye yeyote atakayejaribu kumchora hatamaliza haraka, naye ni taa. Macho yake yako juu ya mgongo, yametazama angani. Mdomo na matundu ya pua viko chini ya tumbo, na watoto wakimpindua huyaona matundu hayo kuwa macho na kumwona akitabasamu. Mchoraji mwenye visanduku 256 hawezi kuonyesha pande zote mbili. Itambidi aamue uso wa taa ni ule ambao taa anautazamia dunia, au ule ambao watoto wameuona akiwa amepinduliwa mchangani.